Mwaka Aminieli Alipokuwa Anachagua Bastola

Aliyenipigia simu kunipa habari alikuwa dada mmoja wa kanisani kwetu hapa Woolwich, na kwa jinsi alivyohangaika kutafuta pa kuanzia nilijua kabla hajasema. "Mtani wako," akasema, "Aminieli. Ni moyo. Asubuhi, anafunga kamba za viatu, basi." Nikamshukuru, nikakata simu, nikarudi jikoni kuepua vitunguu vilivyokuwa vinaungua. Baadaye akapiga tena, safari hii kwa aibu kidogo. Maziko yatakuwa Moshi, akasema, lakini binti yake Neema yuko hapa London anasoma na hatawahi kufika, kwa hiyo tutamfanyia ibada hapa hapa, na kwa kuwa Mpare wa karibu ni mimi, je, nitafanya kazi ya mtani? Kwa wasiojua: sisi Wapare na Wachaga ni watani. Toka enzi za mababu tunatukanana na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi namwita Mchaga mwizi wa mchana, yeye ananiita bahili anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Na mmoja akifa, mwenzake anapaswa kuja msibani kumwigiza marehemu, mwendo wake, sauti yake, mikogo yake, mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi mashavuni. Si utovu wa adabu. Msiba usio na mtani kwetu ni msiba uliopooza. Nikakubali. Halafu nikakaa chini nikaliona tatizo langu: nimwigize yupi? Aminieli niliyemjua mimi na Aminieli anayekwenda kuzikwa Moshi walikuwa watu wawili, na kilichowatenganisha ni mwaka mmoja tuliokaa nyumba moja, mwaka aliokuwa anachagua bastola.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyekuwa anasafisha maofisi alfajiri na kurudi akiwa amebeba mboga za sokoni mikono yote miwili. Alitupangisha vyumba vya juu, mimi cha mbele, Aminieli cha nyuma karibu na bafu. Mimi nilikuwa kea, naosha wazee wa watu, na shifti zangu zilikuwa za ajabu ajabu, hivyo maisha yangu yote ya mwaka ule nayakumbuka yakiwa jikoni. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimao, kimechubuka pale watu wanapoweka viwiko. Dirisha lilikuwa na ukungu toka Oktoba hadi Machi. Sufuria la sombe, kisamvu cha kwao, halikuwahi kuondoka jikoni, linapungua na kuongezwa, na siku ya Jumapili nilikuwa napika makande, Aminieli anapika mtori wake wa ndizi, tunagombana kipi ni chakula cha watu na kipi ni cha ndama. Mama Furaha alikuwa anaonja vyote, anatikisa kichwa, anarudi kwenye sombe lake. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina makaratasi ya kueleweka, kila nikipata barua ya kwenda Croydon kwa watu wa uhamiaji naisoma mara tatu, na bado, jamani, nikiulizwa ni wapi nimewahi kuwa na raha, nitasema pale.

Aminieli alikuwa anafanya kazi Harrow, upande wa pili kabisa wa jiji, kwa mzee mmoja Kalasinga aliyezaliwa Nairobi. Alimwita Anko, sisi wengine tulimwita Bhai Harjit. Kazi ilikuwa kuchonga na kung'arisha vito, na Aminieli alikuwa na mikono ya kazi hiyo, mikono mirefu isiyo na papara. Akikuta buibui bafuni alikuwa anamfunika kwa glasi, anapitisha kadi ya posta chini yake, anashuka naye ngazi zote mpaka nje, anamwambia kwaheri. Kwa Kichaga! Nilimtania mpaka nikachoka. Sasa, mapema mwaka ule, kaka yake aliyekuwa anauza tanzanaiti Arusha alipigwa risasi akiwa ndani ya gari, nje ya geti lake, anasubiri afunguliwe. Wakachukua mkoba wakaondoka. Ukoo ukakaa kikao na kuamua kwamba Aminieli arudi, ashike biashara, alee watoto wa marehemu. Uamuzi ule aliupokea kwa simu, amesimama koridoni, paji la uso limeegemea ukuta, na sisi jikoni tukisikia upande wake tu: "Ndiyo, baba mdogo. Ndiyo. Ndiyo, naelewa." Alipokaa mezani alitueleza kilichobaki. Baba mdogo amesema watu wote wa mawe Arusha wanatembea na bastola, kaka yake alikuwa mbishi ndiyo maana amekufa. Kibali watamtafutia. Yeye kazi yake moja tu: asije kabla hajajua anataka bastola ya aina gani.

Mimi nilicheka. Mtu anayesindikiza buibui! Lakini Aminieli hakucheka, na wiki ile ile akaja na majarida kutoka duka la magazeti, majarida ya bunduki, maana nchi hii huwezi kuigusa lakini kuisoma ruksa. Akayatandaza juu ya malimao. Mama Furaha aliyaona, akachukua sahani yake na kwenda kula sebuleni, sauti ya televisheni juu. "Miye sitaki ile maneno mu nyumba yangu," alisema toka mlangoni. "Ata picha yake. Kwetu hawakutuulizaka tunapenda ya namna gani." Toka siku hiyo majarida yakiwa mezani, yeye hakai nasi.

Aliyekaa nasi ni Bhai Harjit, kwa sababu enzi zake Nairobi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na kwa miaka mingi alitembea na bastola yenye kibali kiunoni. Jumapili nyingi alipanda treni toka Harrow na mfuko wa mihogo ya kukaanga, anakaa, anavaa miwani, anaweka kidole juu ya picha. Kulikuwa na aina tatu ambazo zilibishaniwa mwaka mzima. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, kubwa, yenye nyundo nyuma. "Hii ndio mimi nilikuwa nayo," Bhai Harjit akasema. "Sikia kijana. Ukivuta triga mara ya kwanza ni nzito, lazima utake kweli. Mara ya pili ni laini. Na nyundo unaiona kwa macho, imelala ama imesimama. Inakuambia hali yake." Aminieli akauliza uzito. "Nzito sana. Suruali inashuka. Mimi nilivaa mkanda na mikanda ya mabega, mke wangu alicheka sana." Ya pili ilikuwa ya plastiki ngumu, nyepesi, inabeba risasi nyingi, haina nyundo ya kuonekana, na haina kitufe cha usalama ubavuni. "Vijana wanapenda hii. Ukivuta, inatoka, kila mara sawasawa, hakuna nzito hakuna laini. Lakini usalama yake ni kidole yako. Siku kidole yako iko na wasiwasi, basi." Ya tatu ilikuwa ndogo, nyembamba, ya kuingia mfukoni. "Hii unasahau kama uko nayo. Hiyo ndio raha yake na hiyo ndio shida yake. Halafu fupi hivi inaruka mkononi, vidole hazina mahali ya kukaa."

"Mchaga atachukua inayobeba risasi nyingi kwa bei ndogo," nikasema huku nakuna nazi.

"Na wewe Mpare ungenunua moja ya ukoo mzima," Aminieli akajibu bila kuinua macho, "mkawa mnapokezana kwa zamu." Bhai Harjit alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha zikaja soksi. Hili nalo, we acha tu. Aminieli alisema picha haimwambii mtu kitu, kinachobebwa kila siku lazima mwili ukijue. Akachukua mizani ya jikoni, akapima mchele sawa na uzito wa kila bastola ikiwa imejaa risasi, akautia kwenye soksi tatu, akawa anavaa soksi moja kiunoni upande wa kulia, chini ya sweta. Akirudi kazini anaivaa. Anakula nayo, anainama kuangalia oveni, anapanda ngazi, anakaa kwenye kochi anasimama, anakaa anasimama. Nje hakutoka nayo. Mama Furaha alimwambia wazi kwamba polisi wa London hawatasubiri kujua kama ni mchele. "Mtani, wali wako unaiva lini?" nilikuwa namuuliza kila nikipishana naye. Alikuwa anacheka, lakini niliona kitu ambacho sikukipenda. Alianza kukaa upande mmoja wa kiti. Tukipishana koridoni, ambako zamani tulikuwa tunasukumana kama watoto, aliugeuza ule upande wa kulia ukutani, anapita kwa tahadhari. Siku moja mjukuu wa Mama Furaha, katoto kanakotambaa, kalimvamia miguuni kanataka kubebwa, naye akakainua na kukashikilia mbali, mikono imenyooka. Ulikuwa mchele tu! Lakini mkono wake haukujua kwamba ni mchele.

Na kila wiki aliona kasoro. Ile ya chuma inamchoma mbavu akikaa, na Arusha atakuwa anakaa kwenye gari muda mwingi. Ile ndogo haitoshi, waliomuua kaka yake walikuwa zaidi ya mmoja. Ile ya plastiki haina kitufe, na watoto wa marehemu watakuwa wanampanda mabegani. Akishamaliza hayo, anaanza lingine: atembee risasi ikiwa tayari ndani ya chemba, au chemba iwe tupu? Ikiwa ndani, uko tayari muda wote na wewe mwenyewe uko hatarini muda wote. Ikiwa tupu, unahitaji mikono miwili na nafasi ya kuvuta nyuma slaidi ya juu ili risasi iingie, "na kaka hakupata nafasi hiyo." Baba mdogo anapiga simu: umeamua? "Bado, baba mdogo. Kuna nyingine naiangalia." Katikati ya mwaka ndipo nilipoelewa, na nilielewa nikiwa nakunja shuka, si kwa sababu ya jambo lolote alilosema. Hakuwa anachagua. Alikuwa anachelewesha. Maadamu hajapata bastola inayomfaa, hana haja ya kupanda ndege, na Mungu anisamehe, nilianza kuombea kila bastola duniani iwe na kasoro. Nilimpenda. Nimeandika, basi, sitaandika mara ya pili.

Sakafu ya chumba changu ilikuwa dari la jikoni, mbao tu na zulia, na Jumapili moja nilipopanda kujilaza kidogo baada ya chakula niliwasikia wawili wale wakiongea chini. Aminieli alikuwa anauliza kwa sauti ndogo.

"Anko, uliwahi kuitoa?"

"Kuitoa kwa mtu? Hapana."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile. Mungu alinisaidia." Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. "Lakini sikia, nikuambie ukweli. Kila asubuhi nilikuwa naivaa, na ukiivaa lazima ufikirie. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya chai, mimi nilikuwa nimeshaua mtu mmoja hapa kichwani. Kila asubuhi. Halafu nakwenda kumpeleka mtoto shule."

Nilingoja Aminieli aseme basi sitaki, siendi, nitakaa hapa na vito vyangu na buibui wangu. Nilingoja sana. Nilichosikia ni maji yakifunguliwa, anaosha vikombe.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mvua, mwishoni mwa mwaka, tumebaki wawili nyumbani. Mimi nachambua maharage ya makande, yeye kasimama karibu na dirisha na soksi yake kiunoni, ile ya uzito wa bastola ya plastiki. Akaniita, "Namkunda." Mwaka mzima hakuwahi kuniita jina langu, ilikuwa Mtani asubuhi, Mtani jioni. Nikainua kichwa. Akasema, "Ingekuwa ni nyumba yako. Watoto wako wamelala chumba cha pili. Katika hizi tatu, ungekubali ipi iingie?" Aliuliza akiwa ananitazama usoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unabana ukingo wa sinki. Nilijua ananiuliza nini. Hata leo siwezi kusema sikujua. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa fupi: hakuna, hata moja, kaa. Au: yoyote, mradi uwe wewe, twende. Lolote kati ya hayo lingetosha. Lakini sisi tumezoeshwa toka utotoni kwamba Mchaga akikutupia neno, unalidaka na kulirudisha, tena haraka, na mdomo wangu ulishatangulia. "Mimi?" nikasema. "Mimi ningeipeleka mahakamani kwanza, tuone kama ina haki ya kulala kwangu bila kulipa kodi."

Akacheka. Alicheka vizuri tu, kama kawaida, akanitazama kidogo tena, labda akiona kama kuna kinachofuata. Mimi nilirudi kwenye maharage, kwa sababu nilikuwa nangoja aniulize tena bila utani, na yeye, nadhani, alikuwa anangoja nijibu tena bila utani, na hakuna kati yetu aliyefundishwa namna ya kufanya hivyo na mtani wake. "Mpare wewe," akasema hatimaye. Akafungua soksi, akaumimina mchele kwenye kopo, akasema, "Basi nachukua ya plastiki. Nyepesi." Jioni ile ile alimpigia baba mdogo. Kabla ya Pasaka alikuwa ameshaondoka. Mama Furaha alikisafisha chumba chake kwa sabuni na maji ya moto, akasogeza kitanda karibu na dirisha, na kwa muda mrefu hakumpangisha mtu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilipita miaka, mimi nimeshapata makaratasi na fleti yangu ndogo, yeye ameoa, ana watoto wa kaka yake na Neema wake mwenyewe, biashara imesimama. Alikuja London kwa mambo ya vito akapitia kwangu. Nilifungua mlango nikapanua mikono, na Aminieli akanijia kwa bega la kushoto, nyonga ya kulia imesogezwa nyuma, kiwiko cha kulia kimebana ubavu, akanigusa bega kwa bega na kujitoa. Bastola yenyewe iko kabatini Arusha, imefungiwa. Huku alikuja na shati na sweta tu. Hakuna kilichokuwepo pale kiunoni. Alikaa kiti kinachotazama mlango. Nilimpikia makande, akala, akasema hajawahi kuitoa hata siku moja, ila kwa mazoezi, na Mungu ashukuriwe. Basi likipiga breki nje, kiwiko kinashuka ubavuni. Tulikuwa tumekaa saa nzima hivi aliponiuliza, "Mbona leo hunitanii?" Nikamwambia nimechoka, nimetoka shifti. Akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nilikaa na sahani zile mezani mpaka giza likaingia, nikalia, nikanawa, nikaenda shifti ya usiku.

Basi, siku ya ibada ilipofika nilikuwa nimeamua kumwigiza kijana wa jikoni. Ukumbi ulijaa, sufuria za pilau ziko nyuma, watoto wanaongea Kiingereza chini ya meza. Neema alikuwa kiti cha mbele, mrefu, mikono ya baba yake kabisa. Alikuwa amekuja na koti la Aminieli alilopewa kwa ajili ya baridi ya huku, na akina mama wakanivisha mimi, kama inavyotakiwa, na mtani akishavaa nguo ya marehemu haitwi tena kwa jina lake. "Aminieli huyo! Karibu, Aminieli! Umetuletea nini?" Nikatembea kwa mwendo wake wa madaha. Nikaimba wimbo wa kanisani bila kupatia noti hata moja, kama alivyokuwa anaimba bafuni. Nikapuliza mtori kijiko kwa kijiko kama mzee asiye na meno. Watu wakavunjika mbavu. Neema alikuwa anatabasamu kwa heshima, kama unavyotabasamu ukisimuliwa habari za mtu usiyemjua, na hapo nikaona ninawachekesha wengine wote isipokuwa mfiwa.

Sikupanga nilichofanya. Nilimwendea pale alipokaa, akasimama, nikamjia kwa bega la kushoto, nyonga ya kulia nyuma, kiwiko kimebana, nikamgusa bega na kujitoa. Ukumbi ukacheka, maana lilionekana jambo la kuchekesha. Neema hakucheka. Alinishika mkono wa koti. "Ndiye," akasema. "Ndiye yeye kabisa." Akaniinamia sikioni, akasema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliisikia, "Shangazi, hata alipokuwa ameivua bastola alikuwa anatukumbatia hivyo hivyo. Mimi nilidhani hanipendi sana."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia habari za mchele na za nyumba ile, lakini hayo ni maelezo marefu, na mtoto alikuwa amesimama mbele yangu sasa hivi, na mimi nilikuwa nimevaa koti. Nikakiachia kile kiwiko. Nikausogeza mguu wa kulia mbele, nikampokea kwa mikono yote miwili, kifua kwa kifua, nikambana kwa nguvu zangu zote. Vicheko vikakatika mstari kwa mstari mpaka nyuma kwenye pilau. Neema alisimama wima kidogo, kama mtu asiyejua aweke wapi uso wake, kisha akaulaza begani kwangu.

"Baba," akasema.

"Nipo, mwanangu," nikamjibu.